Mabibi Wageni Katika Jumuiya za Kifaransa za Kanada
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ya Chama ilituagiza tuseme juu ya jambo ambalo wengine wenu mtaliona kuwa la mbali, yaani namna mabibi waliohamia Kanada wanavyosaidiwa kukaa na kustawi katika jumuiya ndogo za watu wasemao Kifaransa, zilizo katikati ya watu wengi wasemao Kiingereza. Walakini jambo hili si la mbali kama linavyodhaniwa. Mabibi wengi wa namna hiyo wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho wengi wao wanachopatana nacho sokoni na kanisani, na si wachache waliokaa Kakuma, au katika mitaa ya Nairobi, miaka kumi na zaidi kabla ya kupanda ndege. Wengine wameolewa na vijana wetu, na vijana wa kwao wameoa binti zetu. Simu ikilia usiku kutoka Winnipeg au Ottawa kuomba shauri la wazee, hulia katika nyumba za wanachama wa Chama hiki.

Yafaa kwanza tuwafahamu wenyeji wao. Tuliosoma shuleni kwamba Kanada ni nchi ya lugha mbili tulidhani kwamba lugha hizo zimekaa bega kwa bega kila mahali. Sivyo. Wasemao Kifaransa wengi sana wako katika jimbo la Quebec. Nje ya Quebec wako karibu milioni moja tu, nao wametawanyika toka pwani hata pwani: Ontario ndiyo yenye wengi kuliko majimbo mengine, New Brunswick inafuata, kisha Alberta, Manitoba na kwingineko. Mwaka 1971 walikuwa asilimia 6.1 ya watu wote wa nje ya Quebec; mwaka 2021 walikuwa wamepungua hata asilimia 3.3. Mtu anayekaa katika jumuiya ya namna hiyo huamka na Kifaransa nyumbani mwake, na akivuka barabara kununua mkate anajibiwa kwa Kiingereza.

Nao wameipigania lugha yao. Waakadia, ambao ndio wazazi wa Wafaransa wengi wa New Brunswick, walianza kufukuzwa na Waingereza katika mwaka 1755, wakatawanywa kwa merikebu. Katika Manitoba serikali ya jimbo iliondoa Kifaransa katika sheria zake mwaka 1890, na haki hiyo haikurudi mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua mwaka 1979, katika kesi ya Georges Forest wa Saint-Boniface, ambaye mambo yake yalianzia kwenye hati ya faini ya kuegesha gari iliyoandikwa kwa Kiingereza peke yake. (Wazee wengine wangalilipa faini wakanyamaza, huyu hakunyamaza.) Katika Ontario amri ya mwaka 1912, iitwayo Kanuni ya 17, ilikataza watoto kufundishwa kwa Kifaransa baada ya miaka yao ya kwanza ya shule. Mwezi wa Januari 1916, katika shule ya Guigues mjini Ottawa, akina mama waliwalinda walimu wawili wasichana, Béatrice na Diane Desloges, kwa pini ndefu za kofia zao, hata polisi wasiweze kuwatoa. Kanuni hiyo iliachwa mwaka 1927. Twaleta habari hii kwa makusudi. Jumuiya hizo zimesimama kwa kazi ya wanawake. Hata Saint-Boniface yenyewe, ambako leo Wakongomani wengi wanasali, ilipata huduma zake za kwanza za wagonjwa kwa watawa wanne, Masista wa Kijivu, waliowasili kwa mtumbwi kutoka Montreal mwaka 1844. Nao pia walikuwa wanawake wageni.

Sasa jumuiya hizo zinapungua, kwa maana vijana wao wanaoa na kuolewa na wasemao Kiingereza, na watoto wanaifuata lugha ya barabarani. Ndiyo sababu zimewafungulia wageni milango. Serikali ya Kanada, mapema katika karne hii, iliweka lengo kwamba katika kila wahamiaji mia waingiao nje ya Quebec, wapatao 4.4 wawe wasemao Kifaransa. Miaka ilipita na lengo halikutimizwa mpaka mwaka 2022. Mwaka 2023 sheria ya lugha za nchi ilirekebishwa, na serikali ikalazimishwa kuwa na siasa rasmi ya wahamiaji wa Kifaransa. Na wahamiaji hao wanatoka wapi? Kwa sehemu kubwa wanatoka Afrika. Basi mama wa Bukavu au wa Bujumbura anaitwa ili aje kuongeza hesabu. Hatulaumu, kila mwenye nyumba humwita mgeni kwa haja yake. Lakini mtu aliyeitwa kwa hesabu ana haki ya kuuliza atapewa nini zaidi ya kuhesabiwa.

Tuanze na lugha, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa. Mama huyu husema Kiswahili au Kirundi nyumbani, na Kifaransa alikipata shuleni, ikiwa alisoma. Wale waliokulia vitani hawakusoma sana. Katika Kongo elimu ya msingi ya serikali haikuanza kutolewa bila malipo mpaka mwaka 2019, na ada ilipopungua nyumbani aliyebaki jikoni alikuwa msichana. Kisha familia ikakaa Kakuma, na watoto wakasoma kwa mtaala wa Kenya, ambao ni wa Kiingereza. Wafikapo Kanada jumuiya ya Kifaransa inasema, “Huyu ni wetu, ametoka nchi ya Kifaransa.” Kumbe ni mama peke yake aliye wa Kifaransa, tena nusu, watoto wake ni wa Kiingereza tayari. Akiwapeleka shule ya Kifaransa, mwaka wa kwanza watakuwa kama mabubu. Akiwapeleka ya Kiingereza, baada ya miaka mitano hataelewa wanachosemezana mezani, wala hataweza kusoma barua ya mwalimu.

Juu ya shule sheria nayo ina kona zake. Katiba ya mwaka 1982, kifungu cha 23, inawapa wazazi wa lugha iliyo ndogo katika jimbo haki ya kuwa na shule zao, lakini haki hiyo ni ya wazazi walio raia. Mhamiaji ambaye hajapata uraia huingiza mtoto wake kwa idhini ya halmashauri ya shule. Katika Ontario ziko halmashauri 12 za Kifaransa, nane za Kikatoliki na nne za umma, nazo kwa kawaida huwapokea wageni kwa furaha, pamoja na madarasa ya kuwafundisha watoto Kifaransa upya. Mama asipoambiwa hayo na mtu, mtoto ataandikishwa katika shule iliyo karibu na nyumba, na iliyo karibu mara nyingi ni ya Kiingereza. Jambo kubwa la maisha ya nyumba nzima huamuliwa katika wiki ya kwanza, wakati mama hajajua hata basi la kwenda mjini.

Maoni yetu ni kwamba mama asikubali kuambiwa achague moja. Wako watu wema katika jumuiya hizo wanaomwambia mgeni kwamba Kifaransa chatosha. Hakitoshi. Nje ya shule, za watoto wadogo na za wakubwa, na nyumba za kulelea wazee, na ofisi chache za serikali, mwajiri atamtaka Kiingereza. Hata mjini Moncton, ambako Kifaransa kina nguvu, duka litataka zote mbili. Wako na wengine wanaomwambia aache Kifaransa ajifunze Kiingereza tu. Hao nao wanamnyang’anya mali aliyokuja nayo. Madarasa ya bure ya lugha zote mbili yapo, serikali ya shirikisho huyalipia, na mahali pengine watoto huangaliwa mama akiwa darasani. Lakini yana mwisho wake: ni kwa wakaaji wa kudumu na wakimbizi waliokwisha kubaliwa, na mtu akipata uraia mlango huo wa shirikisho hufungwa. Kwa hiyo mama anayesema, “Nitasoma watoto wakikua,” atakuta wakati umepita. Mume asiyempa nafasi ya kwenda darasani katika miaka mitatu ya kwanza amemnyima kitu kisichorudi.

Kuna na shida ya ukalimani ambayo sisi Waswahili twaifahamu kuliko Wakanada. Hospitali ikiomba mkalimani wa Kiswahili huletewa mtu wa Mombasa au wa Nairobi, na mgonjwa ni wa Lubumbashi. Watoto wake ni “batoto”, na akisema “kutosha” ana maana ya kutoa, wala si kuwa na kiasi cha kutosha. Mama akiomba jino litoshwe, mkalimani wetu aweza kumweleza daktari habari za meno yaliyotimia! Tunacheka, lakini ugeuzwe mfano huo uwe wa mimba au wa dawa ya moyo. Na mkalimani asipopatikana, huitwa mtoto wa miaka kumi na miwili aeleze ugonjwa wa siri wa mama yake. Hilo ni aibu kwa mama na mzigo kwa mtoto, na yafaa mama ajue kwamba ana ruhusa ya kukataa na kumtaka mtu mzima.

Juu ya kazi tutasema kwa ufupi. Muuguzi wa Kongo hawi muuguzi wa Kanada kwa kushuka ndege. Kila jimbo lina chama chake cha wauguzi, na kila chama kina mitihani na hati zake. Tangu mwaka 2015 majimbo ya nje ya Quebec yalichukua mtihani uliotungwa Marekani, na wanafunzi wa Kifaransa wa New Brunswick, wenyeji hasa, walilalamika kwamba tafsiri yake ilikuwa mbaya na vitabu vya kujitayarisha kwa Kifaransa ni haba. Ikiwa mzaliwa wa huko alilalamika, mgeni afanyeje? Wengi huenda kuosha na kulisha wazee katika nyumba za kulelea, au kulea watoto katika chekechea za Kifaransa. Ni kazi za heshima. Ubaya ni pale mtu aliyesomea kuzalisha wanawake anapoitwa msaidizi kwa miaka kumi kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha fomu ya kwanza.

Bwana Mwenyekiti, twaomba subira ya wazee tuingiapo katika mambo ya nyumbani, maana hapo ndipo simu zinapotoka.

Tangu mwezi wa Julai 1, 2016, serikali ya Kanada hutoa posho ya watoto ya kila mwezi kwa nyumba zenye watoto walio chini ya miaka 18. Kama baba na mama wanakaa pamoja, sheria huhesabu kwamba mlezi ni mama, na fedha hulipwa kwake. Ili ziendelee, mume na mke wote wawili hutakiwa kupeleka hesabu ya kodi kila mwaka, hata kama hawakupata mshahara. Mtaona nini kinachotokea. Mwanamume aliyekuwa mkuu wa nyumba anakaa bila kazi, theluji imefika dirishani, na fedha nyingi kuliko alizowahi kuzishika zinaingia kwa jina la mkewe. Wengine hushauriana vizuri, wakalipa kodi ya nyumba na deni la nauli ya ndege. (Nauli hiyo wakimbizi hukopeshwa, nayo imekuwa bila riba tangu mwaka 2018.) Wengine humnyang’anya mke kadi ya benki. Na wengine hupiga simu kwa wazee, kusema kwamba Kanada imemharibu mke.

Hapo ndipo tunapoulizwa shauri. Na hapo hatuna budi kukumbuka mambo yetu wenyewe. Vyama vya ustawi vya Waafrika katika miji yetu, vya miaka ya 1940 na 1950, vilifanya mengi mema: vilizika maiti, vilitafutia wageni malazi, vililipa ada za watoto. Lakini baadhi yake vilikuwa na desturi nyingine, ya kuwakamata wanawake waliokuja mjini peke yao na kuwarudisha kwao kwa nguvu katika basi au gari moshi. Wanawake hawakuulizwa. Wazee walioamua walikuwa watu waaminifu, nao waliamini kwamba wanalinda heshima. Twasema hivi kwa adabu: mzee akimwambia kwa simu binti aliyepigwa, “Vumilia, usitoe siri ya nyumba,” anafanya kazi ile ile, isipokuwa basi halipo.

Zipo habari ambazo yafaa mzee azijue kabla hajashika simu. Kati ya mwaka 2012 na 2017 ilikuwapo kanuni iliyowataka baadhi ya wake walioletwa na waume zao wakae nao miaka miwili, ama waweze kupoteza ukaaji wao. Kanuni hiyo ilifutwa mwezi wa Aprili 2017, lakini woga wake haujafutika, na waume wengine wanautumia bado. Mke aliyekwisha pata ukaaji wa kudumu haupotezi kwa kuacha nyumba ya mtu anayempiga. Tena mume aliyemdhamini mkewe nje ya Quebec amejifunga kwa serikali kumtunza miaka mitatu, nao mkataba huo hauvunjwi na talaka. Kwa yule ambaye hati yake haijatoka, hali ni ngumu zaidi. Lakini tangu Julai 2019 aliyetendewa jeuri aweza kuomba kibali cha muda bila malipo.

Katika Ontario vyama vya wanawake wa Kifaransa vimeanzisha simu iitwayo Fem’aide, ya kumsikiliza kwa Kifaransa mwanamke aliyetendewa jeuri, na ziko nyumba za kimbilio za Kifaransa kama La Maison mjini Toronto. Saint-Boniface kuna kituo cha wanawake kiitwacho Pluri-elles. Hivi vyote vilianzishwa kwa jasho la wanawake wenyeji, kwa sababu mwanamke aliaye hulia kwa lugha yake, na polisi akija na Kiingereza mume ndiye awezaye kumjibu. Kasoro iliyobaki ni kwamba mama wa Uvira humkuta mlangoni mtu ambaye Kifaransa chake hakielewi vema, wala hajui ndugu wa mume ni nani. Vituo vingine vimeanza kuajiri mabibi wa Afrika waliotangulia. Hatujaona msaada mwingine upitao huo. Mama aliyekuja miaka minane kabla anajua wapi unga wa mahindi unauzwa, basi lipi halichelewi, na neno lipi lisemwe kwa mchungaji.

Mabibi wengine wamejaribu kushona pamoja, kupika pamoja, kuchanga fedha kwa zamu kama desturi ya kwao. Hayo hayahitaji mafundisho marefu kwa watu wa nchi ambayo vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vimekuwapo tangu 1952. Tuseme tu kwamba kikundi cha namna hiyo humtoa mama nje katika miezi ya baridi, na kwamba wenyeji wa Kifaransa wakialikwa, hujifunza mengi kuliko katika mikutano ya kuwakaribisha wageni, ambako mgeni huombwa avae kitenge na kupiga ngoma, kisha hakuna ampaye kiti katika halmashauri. Mwanamke mweusi asemaye Kifaransa katika mji wa Kiingereza ni mdogo mara tatu. Wenyeji waliopigania haki yao kwa pini za kofia wanaweza kulifahamu hilo wakiambiwa.

Sasa tufike kwenye sehemu yetu sisi tulio huku. Msaada wa kwanza hutolewa kabla ya safari. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji limekuwa likitoa mafunzo mafupi kwa niaba ya Kanada tangu 1998, hapa Nairobi pia, lakini ni ya siku chache, na mama mwenye mtoto mgongoni husikia nusu. Chama kinaweza kuyarudia kwa Kiswahili chepesi.

Na kuna jambo moja la hati ambalo limevunja nyumba nyingi. Sheria ya Kanada ya tangu mwaka 2002 yasema kwamba mtoto au mke ambaye hakutajwa katika maombi ya kwanza, akachunguzwe, hawezi baadaye kuitwa kama mtu wa familia. Wengi wetu huacha kumtaja mtoto anayelelewa na nyanya yake, au aliyezaliwa kabla ya ndoa, kwa haya, au kwa kudhani ataongeza shida. Miaka mitano baadaye mama anamlilia mtoto huyo toka Edmonton, na ofisi inamjibu kwamba hayumo. Mwaka 2019 serikali iliilegeza kanuni hiyo kwa majaribio, kwa wakimbizi na wengine wachache, lakini majaribio si sheria, na mtu asiyatumainie. Kwa mkimbizi uko pia mwaka mmoja, tangu afike, wa kuwaombea jamaa aliowataja. Mwaka huo upitao watu wengi wakingali wanajifunza kuvaa viatu vya theluji.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba Mkutano huu uidhinishe mambo matatu. Mabibi wawili, wajuao Kifaransa, wawekwe katika halmashauri inayosikiliza mashauri ya ndoa za ng’ambo, na shauri la mke lisisikilizwe kwa maneno ya mume peke yake. Fedha kidogo zitengwe kwa ajili ya kupiga chapa karatasi ya Kiswahili yenye habari tulizozieleza. Na wenye jamaa walio katika safari wawaambie waje ofisini siku za Jumamosi asubuhi, mke na mume pamoja, wakichukua cheti cha ndoa, hati za shule na za kazi za mke zikiwa kwa jina lake mwenyewe, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, pamoja na yule aliye kwa nyanya yake.